Amplifaya Kumi na Moja na Kisanduku Kimoja

Ile Jumamosi ya Segese bado ninayo, mwanangu, ingawa vitu vingine vingi vya miaka ile nimevigawa au vimenitoka vyenyewe. Ilikuwa saa nane mchana, kiangazi, vumbi limetua mpaka kwenye midomo ya chupa za soda. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, gitaa mapajani, na nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Sikuisema. Sasa nimechoka, magoti yananung'unika nikiinuka, na habari hii nimeibeba vya kutosha. Kaa hapo nikushushie upande mmoja wa mzigo.

Nianzie nyuma kidogo.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Shinyanga. Kiwanda kikayumba, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na bendi ikafungwa kama duka. Bendi nyingine za kwetu nazo zilikuwa zinakufa hivyo hivyo, maana wenye baa walikuwa wamegundua kwamba kaseti haili, hainywi, wala haiombi nauli. Wenzangu wakauza vyombo. Mimi nikanunua. Nilizipenda zile amplifaya za gitaa za zamani, za valvu, zenye vitaa vya kioo vinavyoiva taratibu kama makaa. Unaiwasha, unangoja ipate joto, ndipo inakujibu. Nikanunua hapa, nikabadilishana pale, nikafikisha kumi na moja. Kila asubuhi nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena, kana kwamba moja ingeweza kutoroka kati ya hesabu na hesabu. Kwenye bendi walikuwa wameshanipa jina zamani: Mara Mbili.

Nyumba yetu ya Ibadakuli ilikuwa na vyumba viwili. Amplifaya zilikuwa na kimoja. Mimi, mke wangu na watoto wanne tulikuwa na kingine.

"Baba Kulwa," mke wangu aliniambia siku moja, bila kupandisha sauti, "mashine zina chumba, watoto wana mkeka. Wa tano anakuja mwezi wa nane. Yeye atalala juu ya ipi?"

Nilimwambia nitapunguza mpaka zibaki tatu. Akaniuliza kwa nini tatu. Mtu anayepunguza vitu vyake huwa na namba fulani kichwani, na namba hiyo haina maelezo.

Nikaanza. Mbili ndogo nilimpa mchungaji kwa bati za kuezekea. Alitaka kunipa bati pungufu, akasema Mungu atanilipa zilizobaki. Nikamwomba yeye alipe zake kwanza, halafu mimi na Mungu tutaelewana. Akalipa. Nyingine ilikwenda kwa baiskeli na mbuzi. Mbuzi alikuwa na mimba, kwa hiyo nilimhesabu mara mbili. Nilijiona mjanja sana wakati ule. Zikabaki nane.

Kati ya hizo nane, iliyo bora ilikuwa moja kubwa, ya Kimarekani, niliyoipata kwa padri mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na kisanduku cha chuma, kidogo kwa umbo, kizito kama jiwe la kusagia. Kisanduku kile kilikuwa transfoma. Umeme wa kwao una nguvu nusu ya wetu, kwa hiyo amplifaya ile huwezi kuichomeka ukutani hivi hivi. Unachomeka kisanduku ukutani, halafu unachomeka amplifaya kwenye kisanduku, na kisanduku kinaupunguza umeme wetu kabla haujafika ndani. Kila kitu kinakwenda sawa, na unasahau kama kisanduku kipo.

Ndipo akaja Shija. Huyu alikuwa mpiga solo wetu, na rafiki yangu tangu tukiwa hatuna hata nyuzi za akiba. Bendi ilipofungwa alikwenda kuchimba dhahabu, akashuka kwenye maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, kwa miaka mitatu. Alirudi amekonda, kucha nyeusi.

"Mara Mbili, bado unahesabu?"

"Ziko nane."

"Basi hesabu tena. Nimekuja kuzifanya saba."

Alikuwa hajatajirika. Alikuwa amepata cha kutosha kufungua baa ndogo Segese, karibu na machimbo, baa yenye bendi ya kweli, yeye akiwa kwenye solo. "Shimoni sirudi," aliniambia. "Kule chini mtu unafanya kazi huku unasikiliza magogo yaliyoshikilia kuta yanavyolia. Nataka kusikiliza kitu kingine."

Aliijaribu ile ya Kimarekani chumbani kwangu. Waya wake ulipita nyuma ya zile nyingine, na kisanduku kilikuwa huko nyuma, gizani. Shija alijua nyuzi sita za gitaa tu. Mambo ya umeme siku zote alimwachia fundi wa bendi. Alipiga kidogo, akafumba macho, akapiga tena. Tukapatana bei. Alinilipa karibu chote kilichobaki baada ya kujenga baa, akaniambia atakuja kuichukua baada ya siku mbili.

Alipokuwa mlangoni akauliza, "Vyake vyote vipo?"

Nikamjibu, "Kila unachokiona ni chako."

Sentensi hiyo haina hata neno moja la uongo. Nimeichunguza kwa miaka mingi, nikiigeuza mbele na nyuma, sijaliona. Ni uongo wote kwa pamoja.

Maana kesho yake nilikibeba kisanduku kwa baiskeli mpaka mjini, kwa Mzee Hassanali, mwenye duka la vifaa vya umeme. Nilimwamkia, akaitikia, akakizungusha kisanduku mezani.

"Hiki kilikuwa kinalisha nini?"

"Kimebaki tu, mzee."

"Kitu kama hiki huwa hakibaki tu, kijana."

Lakini alinilipa. Nilijisemea: Shija amenunua amplifaya, hakutaja kisanduku. Akikihitaji atanunua kingine mjini. Nitamwambia atakapokuja kuichukua. Lakini kumwambia kungeshusha bei, na bei tulikuwa tumeshapatana. Basi nikarudi nyumbani, nikaikata plagi ya Kimarekani, ile ya miguu miwili bapa, nikafunga ya kwetu ya miguu mitatu ili isilete maswali. Hapo, mwanangu, ndipo mambo yalipoacha kuwa kusahau. Mkono uliokuwa unakaza skrubu ulikuwa unajua.

Shija akaja, akaichukua bila mimi kumwambia. Sasa turudi Segese, ile saa nane mchana. Shija alikuwa amenialika nipige naye siku ya ufunguzi. Baa ilikuwa ya mabanzi, imepakwa rangi ya bluu mpaka pale rangi ilipoishia. Wachimbaji walikuwa wameshajaa, vumbi la mawe kwenye kope, na mama mmoja alikuwa anakaanga samaki pembeni. Jenereta lilikuwa la kukodi, na mwenyewe alikuwa amesimama kando yake kwa majivuno kama baba wa bwana harusi. Shija alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado ipo. Aliishika plagi mkononi.

Nilifungua mdomo.

"Mara Mbili," akanikatiza, "leo usihesabu kitu. Kunywa soda."

Nikafunga mdomo. Nilijiambia jenereta lenyewe linaonekana dhaifu, huenda umeme wake ni mdogo, huenda ikapona. Kwa muda wa kumeza mafunda mawili ya soda nilikuwa mtaalamu wa majenereta.

Valvu ziliwaka nyeupe badala ya nyekundu. Ikanguruma mara moja, kisha ukatoka moshi nyuma, na harufu kama ya lami inayoungua. Shija alichomoa plagi, akaichomeka tena, akaichomoa. Wachimbaji wakacheka kidogo, kisha wakaona uso wake, wakaacha. Mmoja alisema, "Twende kwenye kaseti, kule hakuungui kitu," wakaanza kuondoka, wawili, watatu, mpaka wote.

Shija alimgeukia mwenye jenereta, akamtukana. Alimwambia kwamba jenereta lake bovu limemmaliza. Yule bwana akaapa, akaita mkewe ashuhudie kwamba wamelitumia kwenye harusi tatu bila shida. Nami nilikuwa palepale kwenye benchi. Nilikunywa ile soda mpaka ikaisha.

Wiki ile sikulala vizuri, nikaenda kwa baba yangu, upande wa Songwa, nikamkuta zizini jioni anakamua. Nilimwamkia, nikachuchumaa, nikamweleza yote, hata ya plagi. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akamwachia ndama aje kwa mama yake anyonye kidogo, akamvuta pembeni, na maziwa yakaanza kushuka. Hujui hili kama umekulia mjini: ng'ombe wa kwetu, asipomwona ndama wake, huzuia maziwa.

"Huyu ukimnunua leo bila ndama," baba akasema, "kesho unakamua nini?"

"Sikamui kitu, baba."

"Na aliyekuuzia akikuambia ndama hukumtaja?"

Nilimtazama ndama pale pembeni.

"Wewe umemuuzia mwenzako ng'ombe, ndama ukampeleka mjini. Halafu ukakaa kwenye benchi unamtazama anavyokamua." Akasukuma ndoo pembeni. "Nenda kwake. Na usimpelekee mdomo mtupu."

Aliyasema hayo tu, akanipa kamba ya ng'ombe, bila kunieleza ni ya nini. Sikuhitaji kuelezwa: ndama hufungwa pamoja na mama yake.

Niliichukua amplifaya Segese, nikamwambia Shija nampelekea fundi. Alinishukuru, akanisaidia kuipakia. Fundi akasema transfoma ya ndani isukwe upya, na valvu zote zimekwisha. Basi nikauza zile saba. Nilianza na nne, kisha zile tatu nilizokuwa nimejiwekea. Hazikuleta bei, maana mashine mpya nyepesi zilikuwa zimeshafika, na aliyenunua ya mwisho aliniuliza kama anaweza kuing'oa valvu atumie kasha lake kufugia kuku. Nikamwambia ni lake. Mke wangu alisimama katikati ya chumba kitupu, akatandika mkeka.

Nikaenda kwa Mzee Hassanali. Kisanduku alikuwa amekiweka chini ya meza, kimefunikwa gunia.

"Nilijua kuna mtu atakuja anakitafuta," alisema. "Sikujua kama utakuwa wewe."

Alinirudishia kwa bei ileile aliyokinunulia. Nilijaribu kuomba apunguze, mazoea ni ugonjwa. Alinitazama mpaka nikalipa.

Nilipofika tena Segese mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Baa ya bluu ilikuwa ghala la mtu. Nilimkuta Shija nje ya chumba alichopanga, anachambua mawe, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Baada ya baa kufa alikuwa amerudi kwenye duara, na huko gogo moja lililoshikilia ukuta likaachia.

Nikaiweka amplifaya mbele yake. Kisanduku nilikuwa nimekifunga nayo kwa ile kamba ya baba, mafundo manne. Nikamwambia kila kitu, nikianza na ile sentensi ya mlangoni. Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha.

"Mwenye jenereta nilimtukana mbele ya mkewe," Shija akasema.

Ndilo alilolisema kwanza. Kisha akaniambia tuijaribu. Jirani alikuwa na umeme wa jenereta, tukachomeka, tukangoja. Valvu zikaiva polepole, nyekundu, na ile sauti ndogo ya kungoja ikajaa chumbani. Shija aliusikiliza mvumo ule kwa muda mrefu. Hakugusa gitaa. Alifungua kitambaa, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu.

"Wewe si Mara Mbili? Hesabu."

Nikahesabu vidole. Vinane. Sikutaka kurudia, lakini alikuwa bado ameinyoosha, ananingoja. Nikarudia. Vinane.

"Sawa," akasema. "Amplifaya iache. Na kamba iache."

Hatukugombana, mwanangu. Hatukurudi kama zamani pia. Baadaye alifundisha vijana wa Segese kupiga gitaa kwa kuwaelekeza kwa maneno, na nasikia walikuwa wazuri. Tulikwenda pamoja kumwomba radhi mwenye jenereta. Alitupa chai, akauliza tena kuhusu zile harusi tatu, kama tunaamini sasa. Tukamwambia tunaamini.

Kwangu haikubaki hata amplifaya moja, na watu wanadhani hiyo ndiyo hasara ninayoisimulia.

Ninalokuomba ni hili. Patana bei, wala usione haya. Mimi mpaka leo muuza nyanya ananijua. Punguza vitu vyako kabla havijakuondoa chumbani. Lakini unapomkabidhi mtu kitu, mkabidhi na kile kinachokifanya kifanye kazi, na umwambie udhaifu wake hata kama hakuuliza, hasa kama hakuuliza, maana huyo amekuamini. Ukiona mkono wako unabadilisha plagi ili swali lisiulizwe, usimame hapohapo. Na kama umeshachelewa, umekaa kwenye benchi, plagi iko mkononi mwa mwenzako, bado kuna nafasi ya sentensi moja. Iseme, hata akikukatiza, hata shati lake likiwa jipya. Aibu ya kuisema ni ya mchana mmoja.

Haya, nenda, jua lisikukute njiani. Mungu akupe riziki usiyolazimika kuificha nyuma ya kitu kingine. Akuachie rafiki zako wote na vidole vyako vyote, na siku utakapovihesabu mara ya pili, ukute havijapungua.