Mkalimani wa Mama

Mama alipopata kiharusi, daktari alituambia kwamba mkono wa kulia utachelewa kurudi na mguu huenda ukabaki mzito. Hayo tulijiandaa nayo. Hakuna aliyetuambia kwamba Kigujarati kingeondoka.

Alizaliwa katika mji mdogo wa Gujarat, huko India, akaletwa Tanga akiwa bibi arusi. Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni na kwa majirani wa mtaa wetu. Sisi watoto tulizungumza Kiswahili uani, lakini ukishavuka kizingiti, mezani, kwenye sala, hata kwenye ugomvi wake na baba, kilikuwa Kigujarati tu. Baba alipofariki nilimleta mama Johannesburg, kwenye nyumba yangu ya mtaa wa Observatory, na tukaendelea vilevile. Nikirudi kutoka kazini Sandton nimechoka na Kiingereza cha kutwa nzima, nilikuwa nasikia sauti yake kutoka jikoni kabla sijavua viatu, nikajua nimefika nyumbani.

Hospitalini, sauti ilipoanza kurudi, alifumbua macho akaniambia, "Nipe maji." Nikamjibu kwa Kigujarati, kama siku zote. Akanitazama, akarudia polepole, kama mtu anayemwelewesha mgeni.

"Maji, mwanangu."

Nilidhani ni uchovu. Mama mmoja wa tiba ya matamshi pale hospitalini ndiye aliyenieleza kwamba mtu mwenye lugha mbili akipatwa na ugonjwa kama huu, ubongo unaweza kuokoa moja na kuiacha nyingine, na inayookolewa si lazima iwe ile ya utotoni. Alisema huenda ikarudi. Tukangoja. Mguu ulirudi kiasi, mkono ukarudi nusu, Kiswahili kikanyooka kabisa, hata utani wake wa Tanga ukarudi nacho. Kigujarati hakikurudi.

Aliyeumia zaidi ni mjomba. Alikuwa kaka yake mama, ndugu pekee aliyembakia, na alikuwa bado anaishi katika nyumba waliyozaliwa wote wawili. Kila Jumapili alipiga simu. Zamani walikuwa wanaongea mpaka chakula kinapoa, wanatetana, wanakatizana, wanacheka mambo ambayo mimi nilikuwa siyajui. Baada ya kiharusi, nikawa nakaa katikati yao na simu mkononi. "Mwambie nimekula," mama anasema. "Amekula, mjomba." "Muulize dawa anakunywa?" Ndivyo walivyozungumza watu wawili walionyonya titi moja, wakipitia kwangu mimi niliyezaliwa ng'ambo. Mara nyingine mjomba alimsemesha moja kwa moja, kwa sauti ya juu, kana kwamba tatizo ni masikio. Mama alikuwa anatikisa kichwa tu kwa adabu.

Kisha mjomba akaamua kuuza nyumba. Alikuwa mjane, ngazi zinamshinda, na binti yake alitaka akaishi naye mjini kwake. Nyumba waliachiwa na baba yao wote wawili, na mjomba akasema sehemu ya dada yake lazima imfikie dada yake. Benki ya kule nayo ikasema fedha hizo haziwezi kwenda kwa mtu mwingine, ila kwenye akaunti ya India yenye jina lake mwenyewe.

Mama hakutaka. Aliniambia nimwambie kaka yake achukue yote, yeye hana haja na matofali. Nikafikisha maneno hayo kwa mjomba.

"Mwambie dada," akasema, "nikifa nimekula haki yake, nitamtazama vipi baba?"

Nikatafsiri. Mama alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. Mwishowe akasema, "Mwambie sawa."

Baba alichukua uraia wa Tanzania mapema, na sisi watoto tukazaliwa tukiwa nao, lakini mama aliing'ang'ania pasi yake ya India maisha yake yote. Alikuwa akisema lazima mmoja ndani ya nyumba abaki na njia ya kurudi. Hakurudi, isipokuwa kwa matanga. Lakini kwa sababu ya pasi hiyo, benki ilikubali kumfungulia akaunti kama raia wao aishiye nje. Walichotaka ni nakala zilizothibitishwa: pasi, kibali cha kuishi Afrika Kusini, uthibitisho wa anwani, na picha.

Tulianza kituo cha polisi, ndiko watu wa hapa wanakopeleka nakala kugongewa muhuri. Askari wa kike alimwita mama Gogo, yaani bibi, akamsogezea kiti, akalinganisha kila nakala na asili yake, akagonga. Kwa upande wa anwani ilibidi niape kwamba mama anaishi kwangu, maana hakuna bili hata moja ya jiji hili yenye jina lake. Nikatuma bahasha India. Baada ya wiki kadhaa wakanijibu kwamba muhuri wa polisi hautoshi, wanahitaji wa ubalozi wao. Tena sahihi aliyoiweka kwa mkono wake dhaifu haifanani na ile ya kwenye pasi. Aende mwenyewe, aweke dole gumba mbele ya ofisa.

Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka kwenye ubalozi mdogo. Alivaa sari ya rangi ya maziwa aliyokuwa akiiweka kwa harusi. Mkono mmoja haukutosha kuifunga, kwa hiyo nilimfunga mimi, na mikunjo haikukaa sawa. Ofisa alikuwa kijana. Alipoona kwenye pasi mahali mama alipozaliwa, uso wake ukafunguka. Akatoka nyuma ya dirisha, akainama mbele ya kiti cha mama, akamwita "Ba", neno ambalo kwetu ni mama na ni heshima kwa kila mwanamke mzee. Mama akainua kichwa, akatabasamu. Neno hilo lilikuwa limebaki.

Kijana akaendelea. Alimuuliza ni binti wa nani, ukoo gani, nyumba yao iko upande upi wa bwawa. Kwao kulikuwa karibu na huko. Nilimwona mama akilishikilia lile tabasamu usoni, analishikilia, hadi likawa zito. Kisha akanigeukia.

"Anasema nini huyu?"

Kijana alijaribu Kihindi. Akajaribu Kiingereza, ambacho mama hakukijua zaidi ya salamu. Nikamweleza habari ya kiharusi. Alisikitika, niliona wazi. Akasema hawezi kushuhudia dole gumba la mtu ambaye hajui kama anaelewa anachokitia alama. Nikasema nitatafsiri mimi. Akaniuliza kama jina langu limo kwenye fomu kama mrithi wa akaunti. Limo. Basi, akasema, nilete mtu anayejua lugha yake na asiye na faida yoyote humo.

Njiani kurudi tulisimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, na mama akasema bila kunitazama, "Yule alikuwa mtu wetu."

"Ndiyo, mama."

"Niliona. Sura ni ya kwetu."

Taa ikawa kijani, nikaondoa gari.

Mtu wa kutafsiri hakupatikana upesi. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja, mwenye meza ya bidhaa Marshalltown, alikubali, kisha akasema biashara haimruhusu. Aliyetusaidia ni fundi cherehani wetu, mwanamke wa Lubumbashi anayeshona karibu na kwetu, upande wa Yeoville. Alikuwa anampunguzia mama blauzi zake tangu alipokonda, na walizoeana. Nilikuwa sijawaza kumwomba. Mama ndiye aliyemsimulia wakati akipimwa bega, naye akaniambia atafunga duka siku hiyo. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa hai, akasema, na foleni za ofisi anazijua kuliko nyumba yake.

Kwa hiyo tukakaa sote mbele ya ofisa yuleyule: Mhindi wa ubalozini, Mhindi wa Tanga, na Mkongo katikati yao. Mimi niliambiwa nikae kiti cha nyuma na nisifungue mdomo.

Ofisa alisema kwa Kiingereza: muulize kama anajua hizi nyaraka ni za nini. Fundi akamgeukia mama.

"Mama, huyu bwana anauliza kama unajua hii mikanda iko ya nini."

Kwao Lubumbashi, karatasi au barua ni mukanda. Mama wa Tanga hakulijua hilo. Aliitazama sari yake, akatazama kiuno.

"Mkanda? Mimi sivai mkanda, mwanangu."

Ofisa akaacha kuandika. Mimi nyuma niliufinya mkoba wangu. Fundi akaelewa, akacheka, mama naye akacheka asijue wanachocheka. Fundi akamweleza ofisa kosa lilikuwa lake. Akaishika karatasi yenyewe, akaiinua. "Hii, mama. Karatasi. Iko ya nini?"

Kicheko kikamwisha mama. Akaweka mkono wake mzima juu ya ule mgonjwa.

"Ni ya nyumba," akasema. "Kaka yangu anauza nyumba ya baba. Mimi fedha sizitaki. Lakini yeye ni mtu mzima, hataki kufa na deni langu. Nisipoweka dole, nitakuwa nimemzuia. Mwambie hivyo."

Fundi akatafsiri, kwa Kiingereza chake cha cherehani na soko, bila kuacha kitu. Ofisa alisikiliza akiwa ameinamisha macho. Akauliza maswali mengine yaliyobaki, mama akayajibu. Kisha, nadhani hakuweza kujizuia, alimsogelea tena na kumsemesha kwa Kigujarati, taratibu, maneno machache. Alimwuliza kama kweli hakuna kilichobaki hata kidogo.

Mama alimtazama midomo. Aliitazama kwa bidii, kama kiziwi. Akasema, "Mwanangu, maneno yenu yamenitoka. Nisamehe."

Ofisa akamgeukia fundi akingojea tafsiri. Fundi alikuwa anafuta macho kwa kanda ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, alisahau kuivua dukani. Akasema tu, "She says sorry." Ofisa akaleta kidau cha wino.

Akaunti ilifunguliwa. Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu, kwa Kiingereza, ukimkaribisha mama kwa jina lake kamili. Nilipomwambia, aliuliza kama kaka yake ameshajua. Nikamwambia anajua. Akarudi kwenye dengu alizokuwa anachambua.

Siku ya kukabidhi funguo mjomba alipiga simu ya video. Nyumba ilikuwa tupu. Alitembea nayo chumba hadi chumba, picha inatikisika, huku anazungumza bila kupumzika: hapa alilala bibi, hapa ulianguka ukakata kidevu, hapa baba alikufunza kuandika. Nilianza kumtafsiria mama. Akanishika mkono.

"Mwache. Mwache aongee."

Nikanyamaza. Mjomba akaongea nyumba nzima, mpaka jikoni kwenye ukuta mweusi wa moshi, na hapo sauti ikamkatika. Alisimama tu, simu imeelekea sakafuni. Mama akaisogelea skrini.

"Pole, kaka," akasema. "Pole. Basi."

Mjomba akainua simu, akaniuliza mimi, "Hilo neno, pole, ni nini?"

Nimetafsiri tangu nikiwa mtoto, dukani kwa baba na hapa mjini, lakini hilo lilinishinda. Kigujarati kina maneno ya kuomba radhi na ya kufariji, lakini hakina hilo. Nilimwambia linasemwa na mtu ambaye hana la kufanya ila yuko pamoja nawe. Mjomba akalirudia mara mbili, vibaya, na mama akaitikia, "Ahsante."

Mjomba alifariki kabla mwaka haujaisha, kwa binti yake, akiwa usingizini. Nilimwambia mama asubuhi, kwa Kiswahili. Alilia kwa Kiswahili pia, akimwita kaka, kakangu. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba hata kilio kina lugha. Alipolia msiba wa baba alikuwa na maombolezo marefu ya kwao, ya kupanda na kushuka, yaliyowafanya majirani wa Tanga wasimame mlangoni. Safari hii alikaa kitandani akisema maneno mawili yaleyale hadi akachoka. Fundi alikuja jioni na wali na samaki, akakaa naye.

Fedha ziko kule. Sijamwuliza tena mama anataka zifanyiwe nini, naye hajasema.

Juzi, tukinywa chai, alisema neno moja la Kigujarati: maji. Lilimtoka lenyewe, akiwa ananyoosha mkono kwenye jagi. Nikamjibu haraka kwa Kigujarati, sentensi nzima, nikaongeza nyingine, kwa kuwa tangu mjomba afariki sijapata mtu wa kusema naye lugha hiyo hata siku moja. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, na lile tabasamu la ubalozini.

Nikammiminia maji. Nikamwuliza kwa Kiswahili kama niongeze na chai, akasema kidogo tu.