Kuivisha Divai ya Babu

Safari hii ilitokana na ahadi ya Babu. Siku dada yangu Vero alipobatizwa, padre mmoja Mwitaliano aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Babu, katekista wake, chupa sita za divai nyekundu. Akamwambia, "Zilaze. Zikue na huyu mtoto." Babu akazilaza, na tangu hapo akatangaza katika kila kigango alichofundisha dini kwamba zitanywewa siku ya harusi ya Vero.

Sasa Vero anaolewa na wakwe wanatoka Musoma. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza mbele ya wageni, waone kinywaji hakina sumu. Kwa hiyo Babu angesimama mbele ya ukoo mzima na glasi mkononi, na kama angekunja uso, aibu ingemfuata mpaka kaburini.

Mama hakutaka kabisa. "Siku hizi madukani kuna kila kitu," alisema. "Bia za kopo zipo, divai za boksi zipo. Kwa nini tuwanyweshe watu siki?"

"Nitaenda tuonje moja," Baba akasema. "Ikiwa imekufa, nitamwambia mzee kwa heshima."

Nilichaguliwa mimi kumsindikiza kwa sababu siongei. Baba anapenda kuendesha gari kimya.

Asubuhi tulitoka Ilemela na pikapu tuliyoazima kwa jirani. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mawe, na nyumba za mlimani zilionekana kama zinaelea bila kushikiliwa na kitu. Nilihisi bado nimelala. Usagara tulisimama kununua mkate na sukari ya Bibi, kisha tukakata kuelekea Kigongo.

Kigongo, kivuko cha kuvukia ziwa kilikuwa ng'ambo, upande wa Busisi, tukakingoja. Nilikaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji. Maji yalikuwa yametulia hata mawingu yalikuwa chini yangu, na nilifikiria jinsi chupa zile zilivyolala gizani wakati Vero anaota meno, anaanza shule, anajifunza kusuka nywele, zenyewe hazijui lolote. Tulipovuka sikusikia injini. Niliona tu Busisi ikija polepole, kama kitu unachokikumbuka.

Kwa Babu tulifika jua limepanda. Nyuma ya nyumba yake mwamba mkubwa umelalia mwingine, na katikati kuna pango dogo lenye mchanga na ubaridi. Humo ndimo chupa zilimolazwa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu! Umekuja kunichukua, au bado unasoma?"

"Bado anasoma," Bibi akadakia, "na hataki mume asiye na meno. Karibuni. Nilijua mnakuja, asubuhi hii nimezitikisa chupa zote vizuri, moja moja."

Hakuna aliyemjali. Bibi ni mpika togwa, na togwa isipokorogwa wa kwanza hunywa maji na wa mwisho hunywa unga. Tulijua ndivyo alivyo.

Babu alivaa koti lake la kanisani. Akafungua chupa ya kwanza kwa kizibuo alichoachiwa na padre, akamimina yote katika jagi la kioo la wageni. Divai ilitoka na rangi ya maji ya ziwani ng'ombe wakishavuka. Babu akaonja kwanza, kama desturi.

Alikunja uso. Alijaribu kuukunjua, ukakataa.

Baba akaonja, akatema pembeni. "Chungu. Tena ina tope." Akaweka glasi chini. "Baba, nisamehe. Hii imekufa."

Babu hakubisha, na hilo ndilo lililoniumiza. Alivua koti, akalikunja magotini. "Basi nunueni hizo za boksi," alisema, akitazama ziwa. "Wakwe waambieni nimezeeka, sitakuja."

"Mzee, usiseme hivyo."

"Nimeisifu mno. Nitakujaje na mikono mitupu?"

Bibi akanipa jagi. "Kabula, kamwage huko migombani."

Nilikwenda, lakini sikuweza kumwaga. Nilikuwa nimebeba kitu chenye umri wa Vero. Nikaliweka jagi kivulini juu ya mwamba, nikakaa kando yake. Ndani walikula ugali, Baba akalala kwenye mkeka. Mimi nilisema sina njaa.

Chini, dagaa walikuwa wameanikwa na ufuo wote ulimeta. Upepo ulikuja, ukaondoka. Sijui nilikaa kwa muda gani, huenda nilisinzia, maana nilipogeuka jagi halikuwa lile nililoliweka. Tope lilikuwa limeshuka chini, laini kama udongo wa dimbwi, na juu yake divai imebaki safi, yenye wekundu ule unaouona ukifumba macho kuelekea jua.

Nikainusa. Mwanzoni haikuwa na harufu yoyote. Halafu ikaja zambarau, ikafuata harufu ya sanduku la Mama la vitenge, na nyuma kabisa vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza.

Nilionja. Mama, ukisoma hapa, nilionja kidogo tu. Uchungu ulikuwa umeondoka, na kile kilichobaki kilikaa ulimini hata baada ya kumeza.

Honi ikalia. Baba alikuwa ameshawasha gari, tuwahi kivuko, na chupa tano zilikuwa bado pangoni. Darasani hata nikijua jibu huwa nainamisha kichwa. Hapa nilitaka kufanya vilevile, lakini nilimwona Babu amekaa barazani na koti lake lililokunjwa. Nikamimina glasi taratibu, nikampelekea.

"Babu, onja tena."

"Mke wangu, unataka kunizika kabla ya harusi?"

"Onja tu."

Akaonja. Nikautazama uso wake, nao haukukunjamana. Alifumba macho, akaonja tena.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni ileile," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Lile tope lilikuwa mashapo tu, Babu. Bibi alizitikisa, yakapanda. Haikutaka kukorogwa, ilitaka kuachwa itulie na ipate hewa."

Bibi akashika mdomo. "Yesu wangu! Kila Pasaka nazitikisa! Nilidhani naziamsha, kumbe nazisumbua!"

"Miaka yote," Babu akasema, mabega yakimtetemeka kwa kicheko, "miaka yote nimelala na adui wa divai yangu!"

Baba alizima gari. Alionja mara mbili, akaingia pangoni mwenyewe.

"Na hiyo barabara?" Babu akamuuliza. "Itazitikisa kuliko mama yako."

"Zitakwenda leo," Baba akasema. "Zitalala chini ya kitanda cha Kabula mpaka harusi. Huyu hawezi kumsumbua mtu."

Wakati wa kurudi nilizipakata chupa tano, zimefungwa majani makavu na kitenge cha Bibi. Kivukoni nilizihisi zikipumua, ingawa najua chupa haipumui. Kutoka Kigongo Baba aliendesha polepole hata malori yakatupita. Karibu na Usagara akasema, "Kumbe unaongea."

"Kidogo kidogo," nikajibu.

Siku ya harusi tulizifungua asubuhi, tukaziacha katika majagi mpaka jioni. Babu alisimama mbele ya wakwe na koti lake. Watu wote wakautazama mdomo wake. Akaonja. Akaonja tena. Alipopeleka glasi mdomoni mara ya tatu, mzee wa Musoma akapaza sauti: "Mkwe, tuachie na sisi!" Hapo ndipo Babu akampa.

Siku hizi mwalimu akiniuliza swali, na darasa likaanza kucheka kwa sababu nakawia, siinamishi kichwa. Nangoja mashapo yashuke, halafu najibu.