Kutua kwa Miguu Miwili

Niliumia mgongo nikirukia mpira ambao hata haukuwa wangu. Ulikuwa unatoka nje, kocha ameshaweka filimbi mdomoni, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeuacha uende zake. Mimi sikuuacha. Nikaruka, nikajipinda hewani, nikatua kwa mguu mmoja wa kushoto, na kiunoni kikalia kitu kama kijiti kikavu kimevunjwa. Nikabaki nimeinama chini ya nguzo, mikono magotini, najifanya natafuta hereni.

Tena ilikuwa mazoezini, si mechi. Timu yetu ya mpira wa pete ni ya wanawake wa Ujiji: wauza dagaa, walimu, nesi mmoja, na mimi fundi cherehani. Tunachezea uwanja wa shule ya msingi, kwenye vumbi jekundu lisilotoka kwenye soksi hata ulifue kwa hasira. Mimi ndiye mfungaji. Nimekuwa mfungaji tangu sijaolewa, na sasa nakaribia arobaini, na nyuma yangu yupo binti mrefu aliyemaliza shule juzi tu, anayefunga magoli huku anatafuna jojo. Kocha wetu hana kawaida ya kumung'unya maneno. Aliniambia palepale, nikiwa bado nimeinama, kwamba mechi na Bangwe ndiyo ya kufunga msimu, na kama sitakuwa nimepona, jezi anapewa binti. Hakusema kama nitarudishiwa. Kwa umri wangu jezi ikishatoka imetoka, na hilo hatukuhitaji kuambiana.

Nikarudi nyumbani kwa bajaji, nimejilaza ubavu kwenye kiti cha nyuma, dereva akiyakwepa mashimo kwa huruma na kuyapata yote.

Nyumbani kwetu tunaishi na mama mkwe, yeye ana chumba chake upande wa uani. Ni mwanamke wa Ilagala, amezaliwa na kukulia kwenye michikichi, na mpaka leo kaka yake humletea dumu la mawese kila yanapokamuliwa. Sitaki kumsingizia: hajawahi kunifokea wala kunisema kwa majirani. Alichokuwa nacho ni kigoda chake. Kila nilipotoka chumbani na taiti na sketi yangu ya michezo, alikuwa anakinyanyua kile kigoda, anakigeuza, anakaa ametazama ukuta mpaka nipite. Kisha anakirudisha kilipokuwa. Miaka yote hiyo, na ukuta wenyewe hauna hata dirisha. Aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama ilivyo ada, alinitakia heri siku ya Idi, na wanangu walipozaliwa aliwapokea kutoka mikononi mwangu bila vidole vyake kugusa vyangu. Nilishazoea, au nilijiambia hivyo.

Sasa, mtaani kwetu mtu akiumia mgongo hapewi pole tu. Pole ni maneno, na maneno yanahesabiwa kuwa uvivu. Anakandwa. Kila anayeingia kukujulia hali anakunja mikono ya nguo, anauliza panapouma, na kabla hujajibu ameshapapata na kupaminya. Nilikandwa na shangazi wa mume wangu. Nilikandwa na jirani muuza migebuka, nikanuka samaki mpaka kesho yake. Alikuja hata mama mmoja aliyekuwa amefuata suruali ya mumewe niliyokuwa sijaipunguza. Alinikanda, kisha akauliza suruali.

Lakini hao wote walikuwa wageni wa kupita. Siku ya pili, baada ya magharibi, mama mkwe aliingia chumbani kwangu na bakuli la mawese yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Akatandika mkeka. Akaniambia nilale na nifungue khanga.

Nikamtazama mume wangu. Kwa adabu tulizolelewa nazo, mkwe haoni mgongo wa mkwe. Hata khanga ikinidondoka bega moja mbele yake huwa najisikia nimetukana. Mume wangu naye akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri barazani. Basi nikalala, nikafungua, nikafumba macho kwa aibu.

Mikono ile, jamani. Imekamua mawese ujana wake wote, na vidole gumba vyake vilikwenda moja kwa moja pale penye kidonda cha ndani, vikakaa hapo. Nilitoa machozi, na nusu tu ya machozi hayo ilikuwa ya maumivu. Akiwa ananikanda alizungumza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya na mimi. Alinihadithia alivyokuwa msichana kule Ilagala, mtumbwi ukikaribia mchanga yeye anaruka wa kwanza na beseni la dagaa kichwani, na hadondoshi hata mmoja. Alisema hakuna mvulana aliyemshinda kuruka. Kisha akaolewa, akaambiwa mwanamke aliyeolewa haruki, akaacha. Alilisema hilo bila uchungu wowote, akachovya tena vidole kwenye bakuli.

Nilimpenda jioni ile. Nasema wazi, nilimpenda, na mgongo ulikuwa unawaka moto.

Yule nesi wa timu yetu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa mgongo. Kazi yake ina jina refu la kigeni ambalo mtaani hakuna aliyelimudu, kwa hiyo tukamwita hivyo tu. Ni mwanamke mdogo kwangu, mfupi, mgeni kutoka Mbeya, ana chumba chake Mwanga nyuma ya duka la mabati. Hachomi sindano wala haandiki vidonge. Anatumia mikono na mazoezi, na wateja wake wengi ni wachezaji mpira na madereva wa bodaboda. Kwanza alinituma hospitali nikapigwe picha ahakikishe hakuna kilichovunjika. Kisha akanilaza kifudifudi juu ya kitanda chembamba chenye tundu la kuingiza uso. Ukiwa mle tunduni dunia yako yote ni sakafu na kandambili za daktari. Nilizijua kandambili zile kuliko nilivyoujua uso wake.

Aliniambia kiungo kinachoshikanisha uti wa mgongo na nyonga kimestuka, na misuli inayokizunguka imevimba. Akanigeuza ubavu, akakunja mguu wangu, akaniambia nipumue, akasukuma mara moja. Kitu kikalia. Nikadhani nimekufa, kumbe nimepata nafuu. Masharti yake hayakuwa mengi: nisikae kwenye cherehani kwa muda mrefu, nitembee, niweke kitambaa cha maji baridi, na kwa sasa mtu yeyote asipakande pale penye uvimbe. Yeyote, alisema, nami nikaitikia mle tunduni.

Sasa fikiria wewe. Asubuhi ninakwenda Mwanga, ninanyooshwa, ninarudi ninatembea kama binadamu. Jioni mama mkwe anaingia na bakuli. Ningemwambia nini? Mwanamke aliyetazama ukuta miaka yote amenigeukia, amenishika, ananihadithia mambo ambayo hata mwanawe hayajui, halafu mimi nimwambie mama, toa mkono wako? Nilishindwa. Nililala mkekani kila jioni nikauma pembe ya mto, na kila asubuhi nilishuka kitandani kwa kushika ukuta. Daktari akawa ananipapasa, anaguna, anauliza nimebeba nini. Sijabeba kitu, nasema. Mechi inakaribia, binti anafunga magoli, jojo linatafunwa.

Kilichoniumbua ni shuka. Daktari alikuwa na shuka jeupe la kutandika pale kitandani, na siku moja niliponyanyuka alibaki analitazama. Pale kilipokuwa kiuno changu palikuwa na doa la rangi ya chungwa, kubwa, limekaa kama ramani. Huko Mbeya sijui wanapakaa nini, lakini alikuwa ameshakaa Kigoma vya kutosha kujua kwamba mawese yakishaingia kwenye kitambaa cheupe yamechukua uraia. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mama mkwe. Akaniuliza kwa nini simkatazi. Nikaangua kilio kama mtoto, nikiwa nimesimama na viatu mkononi, na dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri zamu yake akageuka kutazama mabati.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia Ijumaa atakuja kwetu.

Akaja kweli, amejifunga khanga juu ya suruali. Alimpigia mama mkwe magoti ya shikamoo, kisha akajaribu na "Mwakeye" ya Kiha, saa kumi alasiri, wakati hiyo ni salamu ya asubuhi. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mlango. Nadhani hapo ndipo daktari alipopata njia. Walikaa mkekani, akamweleza kwa kutumia ngumi zake mbili jinsi kiungo kilivyo na jinsi uvimbe unavyokasirika ukiminywa. Alimwambia mikono yake ni mizuri na misuli mingine ingeifurahia, ila hapo mahali, kwa sasa, inachelewesha.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumjibu daktari, alinigeukia mimi.

"Kumbe nilikuwa nakuumiza?"

Nikasema ndiyo, kidogo.

"Mbona hukusema?"

"Mama," nikasema, "ulikuwa hujawahi kunishika."

Mama mkwe alichukua pindo la khanga yake akaifuta mikono, kidole kimoja kimoja, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Mimi nilitazama mkeka. Daktari, Mungu ambariki, alitazama dari. Kisha mama mkwe akasafisha koo, akamwambia daktari kwamba sawa, amesikia, lakini apewe kazi nyingine, kwa sababu yeye hawezi kukaa tu nyumba ina mgonjwa.

Akapewa. Uvimbe ukishapungua, daktari alieleza, lazima nijifunze upya kutua. Niliumia kwa sababu ya kutua mguu mmoja mwili ukiwa umepinda, na nikirudi uwanjani na tabia ileile nitaumia tena. Kwa hiyo niwe naruka kutoka kwenye ngazi ya baraza, natua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamelegea. Anatakiwa mtu wa kunitazama miguu tu, asitazame kingine. Mama mkwe akauliza kama hilo ndilo. Akaambiwa ndilo. Nikamwona ananyanyuka mkekani na kusogea peku ukingoni mwa baraza, kama anapima urefu wa kuruka.

Sijawahi kuwa na kocha mkali kama yule. Alikunja khanga akaitandika chini ya ngazi, na khanga yenyewe aliichagua ile yenye maneno ya kunisema. Alikaa na kigoda chake mbele yangu, amekitazamisha kwangu. Alitaka kusikia mlio mmoja. Akisikia miwili, rudia. Magoti yakikaza, rudia. Wanangu wakicheka, nao waruke. Wageni wa pole walipokuja na mikono yao iliyokunjwa, aliwazuia mlangoni. Mgongo haushikwi, aliwaambia, wenye hamu ya kukanda wakakande unga. Muuza migebuka alinuna wiki nzima. Na mimi nikaanza kushuka kitandani bila kushika ukuta, na Mwanga nikawa naenda kwa miguu, na siku moja daktari aliniminya kila mahali asipate cha kuguna.

Mechi ilichezwa Bangwe, upepo unatoka ziwani na kupeperusha kila pasi ndefu. Binti alianza. Robo tatu za mwanzo alicheza vizuri, sitamnyima haki yake, ingawa nilikuwa nimekaa pembeni najisikia natolewa roho kwa kila goli lake. Kabla ya robo ya mwisho kocha akanitazama, nami nikasimama haraka, bila kushika kitu, ili aone.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe anateremka kwenye bajaji. Hakuwahi kuja uwanjani maisha yake. Amevaa baibui la Idi, kigoda kiko kwapani. Akapita mbele ya watu, akakiweka karibu kabisa na mstari, akakigeuza kidogo, akakigeuza tena mpaka akaridhika, akakaa ametazama uwanja. Nilikuwa na taiti na sketi. Nilivuta pumzi nikaingia.

Mpira ulinijia wa juu, beki wa Bangwe yuko kifuani kwangu na upepo unauchukua. Nikaruka. Niliposhuka nilisikia mlio mmoja. Nikageuka, nikarusha, ukaingia bila kugusa pete, na wanawake wa Ujiji wakapiga vigelegele mpaka wavuvi wakageuka kule majini.

Tulifungwa kwa goli moja, nisifiche. Kocha alisema msimu ujao mimi na binti tutagawana robo mbili mbili, nikakubali bila kununa, na binti akanipa jojo. Nikaenda kwa mama mkwe, jasho linanitiririka, nikachuchumaa mbele ya kigoda chake. Aliinama akanishika vifundo vya miguu, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, kwa mikono yote miwili, watu wakitazama.

"Umetua vizuri," akasema.

Nikamuuliza kama ameliona goli langu. Akaniuliza, goli gani?