Zamda na Kompyuta Isiyokaa Macho

Zamda ana jina mjini Korogwe, na si la uzuri wala la mali. Ni jina la kuchapa. Ukitaka barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi au malalamiko ya mpaka wa shamba, watu watakwambia nenda kwa Mama Mwanaisha, ndiye huyohuyo Zamda, yule Mzigua wa Handeni, pembeni ya fundi cherehani mwenye mdomo. Mwenye mdomo ndiye mimi. Vibanda vyetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao, hata akipiga miayo nasikia.

Na siku hizi anapiga sana. Amechapa maneno ya watu mpaka vidole vinamuuma asubuhi na macho yanamtoka machozi. Mtu mwenyewe ni mtunzaji kupita kiasi. Nyumbani kwake makochi bado yamevaa nailoni za dukani, ukikaa yanalia, ukiinuka gauni limekuganda mgongoni. Rimoti ya televisheni ina nailoni. Friji imevaa nailoni na kitambaa cha kufuma juu yake. Nikimuuliza lini atavibandua ananijibu, "Vitachakaa."

Kompyuta yake ya zamani ilikufa wakati wa masika. Fundi aliyempelekea akairudisha imekufa zaidi, na kifaa kimoja kizima kimeota miguu. Zamda hakugomba. Alikaa kwenye stuli yake akaniambia, "Mama Upendo, nimechoka. Nitajaribu mara moja tu. Ikinishinda nafunga kibanda, narudi Handeni kwa kaka Zaidi nikalime mahindi."

Nikarudi kwenye cherehani yangu, nikashona mfuko wa watu kinyume.

Binti yake aliyeko Dar akawa anamtumia vipande vya kompyuta kwa basi. Leo kasha, siku nyingine mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vingine vyote. Binti akasema, "Mama, mpe fundi aunganishe." Wapi! Zamda na mafundi ndiyo basi tena. Akaunganisha mwenyewe akitazama video kwenye simu, Mhindi mmoja anaongea Kiingereza cha kukimbia. Maneno hakuyaelewa, alifuata mikono tu. Nampa haki yake, aliunganisha vizuri. Kila waya ulikaa mahali pake kama nyuzi kwenye boksi langu.

Akawasha. Picha ikaja, nikapiga kigelegele mpaka muuza ndizi akaja kuchungulia. Kigelegele hakijaisha, kioo kikawa cheusi, tii.

"Umeme huo," nikasema. "Umeme wa hapa unapepesuka kama mlevi."

Tukaazima stebilaiza kwa mwenye friji ya soda. Ikawaka, ikakaa muda wa kupinda upindo mmoja wa sketi, ikazima. Akachomoa ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli kama alivyoona mafundi wakifanya, akavirudisha. Ikawaka, ikazima. Akabadili waya wa ukutani. Akafungua kasha na kulifunga tena. Kila ikizima, Zamda alikuwa anapungua kidogo. Mabega yalishuka, sauti ikashuka. Mwishoni akawa anabonyeza kitufe bila hata kutazama kioo.

Hapo ndipo akaingia Mwalimu Habakuki, ameshuka na pikipiki kutoka Bungu milimani, vumbi mpaka kwenye kope. Mkononi ana bahasha ya mitihani ya muhula iliyoandikwa kwa mkono. Shule za milimani zinamletea Zamda kwa sababu moja: mtihani ukipita kwake hauvuji. Kwa vijana wanaochapa stendi, maswali hufika shuleni kabla ya karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Mashine inanisumbua."

Mwalimu akaitazama, akanitazama mimi, akaikumbatia bahasha. "Mama, mimi nakuamini wewe. Lakini wanafunzi wanaanza Jumatatu. Kesho mchana nikikuta bado, sina budi kwenda stendi."

Alipoondoka, bahasha ameiacha mezani, Zamda alichukua simu akamtafuta kaka yake. Nikasikia kwenye mbao: "Zaidi, kile chumba cha nyuma bado kipo?"

Basi mimi nikatoka. Sikumwomba ruhusa. Nikamleta Isihaka, anayetengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Ni baba wa watoto wanne, mpole, ila kwa Zamda fundi ni fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mikono yako iwe juu ya meza niione."

"Mama, nitafunguaje kasha na mikono iko juu ya meza?"

"Utajua wewe."

Isihaka naye akaanza na makosa yetu yaleyale. Akasema pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, haitoshi, akafunga ya kwake. Ikawaka, ikazima. Akasema mazabodi ni mbovu, irudishwe Dar. Zamda akafumba macho. Mimi nikamwambia, "Isihaka, kusema ni mbovu hata mimi najua, na mimi nashona magauni."

Akacheka, akawasha tena, safari hii ametia kidole kwenye chuma kilicho chini ya feni. Kompyuta ikazima. Kidole chake bado kipo palepale.

"Baridi," akasema. "Ajabu. Hiki chuma ndicho kinachonyonya joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kingekuwa cha moto kama pasi ya Mama Upendo."

Akafungua skurubu, akakinyanyua, akakigeuza. Chini yake, imekaa safi, haina hata kikunjo: nailoni. Dawa nyeupe ya kupitishia joto imepakwa juu yake kwa uangalifu.

"Mama, hii mbona hukuibandua?"

"Niibandue ya nini, na kitu chenyewe kipya?"

Isihaka akanitazama. Nikatazama dari, nimeuma kanga yangu.

"Joto halipiti, mama. Prosesa inaungua, inajizima isife. Mashine yako haina ubovu wowote."

Zamda akaipokea ile nailoni, akaishika kwa vidole viwili kwa muda. Hakucheka. Akasema tu, "Haya. Safisha."

Ikafutwa, ikapakwa dawa mpya, ikafungwa. Ikawaka. Nikapinda sketi nzima, nikashona na zipu, bado inawaka. Mwalimu Habakuki alipokuja kesho yake, mitihani ilikuwa imechapwa, bahasha imefungwa kwa gundi, na Zamda amelala na kichwa juu ya kibodi. Hakumwamsha. Alichukua bahasha akaondoka kwa kunyata.

Jumapili nilitoka kanisani nikapita nyumbani kwake. Kaka yake alikuwa kwenye simu, nikasikia anaambiwa chumba akijaze mahindi. Nikatafuta pa kukaa.

Kochi moja lilikuwa uchi. Kitambaa chake kumbe ni chekundu, miaka yote sikujua. Zamda alikuwa amekaa hapo, miguu ameinyoosha, macho yamefumba nusu.

"Na haya mengine?" nikauliza.

"Hayo ya wageni," akasema. "Kaa hapo kwenye nailoni."