Kitundu Kilichopigwa Tupa Upande Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini Tabora, Msimamizi wa Vipimo alinikaripia kwa kugusa lenzi kwa kidole. Hapo alikuwa na haki. Kisha akaongeza: "Leza haidanganyi, kijana. Mwongo ni binadamu." Kauli hiyo inanichefua hadi leo.

Kifaa chetu cha kupimia mwendo kilifungwa chini ya kiberenge, kigari cha reli cha mkandarasi aliyekagua njia ya Kaliua. Kilimulika reli kwa leza na kupokea mwanga uliorudi. Kiberenge kikienda, masafa ya mwanga huo huhama kidogo, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo yanavyohama zaidi. Mbele ya lenzi ya kupokea palikuwa na kibati cheusi chenye kitundu, kazi yake kuruhusu mwanga wa pembe moja tu, kwani pembe ikibadilika, kipimo nacho hubadilika. Kitundu kikiwa kipana, pembe nyingi huingia na kipimo huyumba. Kikiwa chembamba mno, mwanga hautoshi.

Kiangazi vumbi lilififisha mwanga. "Panua hicho kitundu, tumalize kazi," aliamuru Msimamizi. Nikakipiga tupa upande mmoja tu, maana upande wa pili skrubu ilizuia. Sikujiuliza lolote, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wiki hiyohiyo kifaa kikasema dereva wetu, Mzee Shabani, amepita kasi kwenye daraja bovu. Akasimamishwa kazi, naye amebakiza miezi michache tu astaafu. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi napima mwendo kwa saa, nguzo ya kilomita hadi nguzo, tangu hujazaliwa. Huyo mdudu wenu kasoma wapi?"

Nikaazima saa yake, nikapanda kiberenge na dereva mwingine. Kifaa kilizidisha mwendo kila mara. Nikaweka kibati kipya, kitundu katikati, kifaa na saa vikakubaliana. Tupa yangu ilikuwa imesogeza pembe nzima upande mmoja.

Msimamizi alisoma ripoti yangu, akaguna, akamwandikia dereva barua: "Umesamehewa. Rudi kazini."

Nilimpelekea Mzee Shabani, akaisoma, akanirudishia. "Nimesamehewa nini?"

"Tupa niliishika mimi, mzee. Nisamehe."

Akapokea saa yake. "Haya. Kesho nakuja."

Nami sasa nimestaafu, na bado nakereka. Fomu zote za vipimo nilizojaza zilikuwa na mstari wa jina la dereva. Wa jina la fundi aliyegusa kifaa sikuuona hata siku moja.