Skrinshoti ya Saa Tano

Pale Kibomet nilikuwa nakaa kwa chumba haina dirisha, nyuma ya duka ya spea za pikipiki. Mbele yangu monita mbili. Ya kushoto ilikuwa na orodha ya stoku. Ya kulia ilionyesha kamera za duka, na kamera moja ilikuwa inaniangalia mimi. Kwa hivyo nilikuwa najiona nikizeeka siku mzima, bila kulipia kioo.

Mwenye duka, Madam, alikuwa Bungoma. Alikuwa mwalimu kabla astaafu, na hakuamini mtu. Kila saa lazima nimtumie skrinshoti, picha ya skrini yangu, ajue niko. Saa ikifika ukiwa choo, umetoroka.

Nilitaka kutoka huko. Nikasikia duka fulani Lwakhakha inatafuta mtu wa stoku, nikaanza kuandika barua ya kuomba kazi. Niliifungua kwa monita ya kulia, juu ya hizo kamera, na sikuogopa. Shule niliachia Form Two, na kwa akili yangu ya Form Two niliamini kompyuta inapiga ile skrini macho yako iko. Saa tano nikakazia orodha macho, nikapiga, nikatuma.

Kumbe inapiga zote mbili, bega kwa bega kama picha ya harusi.

Nilijua karibu saa sita, wakati Madam alinirudishia hiyo picha. Barua yangu ilikuwa imezungushiwa nyekundu kila mahali. Chini ameandika: Rudia. Halafu akapiga simu.

"Ati hapa umeandika wewe ni meneja wa tawi?"

"Nilikuwa najaribu tu, Madam."

"Hiyo tawi iko na watu wangapi?"

"Ni mimi."

"Sawa, meneja. Huyo mwenye duka ya Lwakhakha unajua ni nani?"

"Hapana, Madam."

"Ameoa dada yangu. Nimeshaongea na yeye. Nimemwambia wewe hutoki."

Angenifukuza ningeenda nikiimba mpaka kwetu Saboti. Hakunifukuza.

"Mtu wa kukaa hapo kama wewe sitapata," akasema, na nikajua hiyo si sifa.

Nikafunga barua. Kamera zikarudi kwa monita ya kulia, na mimi ndani ya moja, kichwa chini.

"Na ya saa sita?" akauliza. Hata simu alikuwa hajakata.

Nikapiga. Nilitokea vizuri sana: stoku upande huu, mimi upande ule.