Kahawa ya Mgeni

Jumatatu nilikuwa zahanati hapa Bukoba, nasubiri kufungwa kidonda, alipoingia mama mmoja aliyekuja kwa lori kutoka Kishanda na binti yake wa miaka minane. Aliweka chupa ya dawa mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi mbele ya mganga.

"Nairudisha, bwana. Mwalimu alisema mtoto hatulii darasani, nawe ukampa hii."

"Kwani bado hatulii?"

"Anatulia. Mwalimu anashukuru. Lakini juzi aliketi mkekani kimya, mikono magotini, hata nikajikuta nimemletea kahawa ya kutafuna, zile buni tunazowapa wageni. Mwanangu mwenyewe, bwana, nimemkaribisha kama mgeni!"

Mganga alimtazama mtoto, akachukua kalamu, akafuta neno "kijiko" kwenye karatasi ya chupa, akaandika "nusu kijiko".

"Na akianza tena kukusumbua?"

"Nitajua amerudi nyumbani," mama akajibu, akaichukua chupa.

Sisi wazazi ni hodari wa kudai kimya. Jumatatu ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mtu aliyepanda lori kutwa nzima kuja kuomba kelele.